Machale, tumbo joto na gesi: nitajuaje tumbo linaniambia kweli?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni afisa mikopo wa Saccos huku Morogoro, mwaka wa nane sasa. Kazi yangu ni kumsikiliza mtu, kutembelea biashara yake na kupendekeza kama akopeshwe. Nilijulikana kwa machale: nikisema huyu hapana, baadaye kweli unasikia amekimbia madeni kwingine. Tangu mwaka jana tumbo limenigeuka. Linajaa gesi, nina kiungulia, choo sipati siku tatu halafu siku moja naharisha, na chini ya chembe ya moyo panauma. Tangu hapo kila mkopaji namwona tapeli, au nachoka napitisha tu. Kwenye kamati ya mikopo maneno yananipotea, sauti inakwaruza, na nawajibu wenzangu vibaya. Nilipimwa damu nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa mara mbili, bado. Anayeuza virutubisho mtaani kwetu anasema utumbo ndio ubongo wa pili, asilimia 90 ya homoni ya furaha inatengenezwa tumboni, kwa hiyo nikisafisha utumbo kwa dawa yake ya siku 21, shilingi 180,000, hata machale yatarudi. Asubuhi nakunywa chai ya rangi tu, chakula ni saa tisa alasiri, mara nyingi chipsi mayai. Mgongo ukiuma nameza diklofenaki. Je, ni kweli anayosema? Na hayo machale niyaamini au niyapuuze?"*

Marahaba. Nianze na lililo rahisi: hiyo dawa ya siku 21 usiinunue, na kama ulishalipa kianzio, usiinywe. Gumu ni swali lako la mwisho, kwa sababu hapo hauguswi wewe peke yako. Mtu akinyimwa mkopo wa cherehani kwa sababu afisa ana kiungulia, hatajua kamwe. Wanachama ambao akiba yao imetoka kwa mkopo uliopitishwa kwa uchovu nao hawatajua.

Tumbo lako linasema kweli, ila linasema habari za tumbo. Tatizo huanza pale ubongo unapoipokea habari hiyo na kuibandika kwa mtu aliyeketi mbele ya meza yako.

Tuchambue kwanza maneno ya huyo muuzaji, maana hakuyatunga yote. Kuanzia kwenye umio hadi njia ya haja kubwa, ukuta wa mfumo wa chakula una seli za fahamu mamia ya mamilioni. Zimejipanga katika tabaka mbili. Moja limelala katikati ya misuli ya utumbo na kazi yake ni kusukuma chakula. Jingine lipo chini ya utando wa ndani na linaongoza majimaji na damu inayofika pale. Mtandao huu unaweza kuendesha usagaji wa chakula hata bila amri ya ubongo, ndiyo sababu wataalamu waliupa jina la ubongo wa pili. Lakini mtandao huo haumjui mkopaji wako. Unajua ukuta umevutika kiasi gani, asidi imefika wapi, chakula kimepita au kimekwama. Hauna kumbukumbu ya mtu aliyewahi kukwepa marejesho.

Ile asilimia 90 nayo iko karibu na ukweli. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, hiyo homoni ya furaha aliyoitaja, hutengenezwa na seli maalumu za ukuta wa utumbo. Asichokuambia ni kwamba serotonini hiyo haiingii kwenye ubongo, kwa kuwa kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho haikivuki. Kazi yake huko chini ni kuufanya utumbo ujongee na kuamsha kichefuchefu ukila kitu kibaya. Nyingine hubebwa na chembe sahani kusaidia damu kuganda. Ubongo hujitengenezea serotonini yake wenyewe kutokana na triptofani, kirutubisho cha protini unachokipata kwenye maharage, mayai, karanga na samaki. Kuharisha kwa siku 21 hakutakuongezea hata chembe yake.

Mawasiliano ya tumbo na kichwa yapo, na hayahitaji kutiwa chumvi. Barabara kuu ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi tumboni. Watu wengi hudhani ubongo unaamuru na tumbo linatii, kumbe nyuzi nyingi za neva hiyo, takriban nane katika kila kumi, hupeleka habari juu. Habari hizo huishia, pamoja na sehemu nyingine, kwenye mkunjo wa ubongo uitwao insula, ambako hali ya mwili hugeuka kuwa kitu unachokihisi: njaa, kichefuchefu, kukereka, utulivu. Bakteria wa utumbo nao wanachangia, kwa kuchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana na kugusa mfumo wa kinga. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria wowote hutoa homoni za msongo kupita kiasi wanapobanwa. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba. Mwaka 2013 watafiti wa Los Angeles waliwapa wanawake wachache wenye afya maziwa yaliyochachushwa kwa wiki nne, na picha za ubongo zikaonyesha mwitikio tofauti walipotazama sura zenye hasira au hofu. Ni jambo la kuvutia. Ila kuona tofauti kwenye picha ya ubongo si sawa na kusema wanawake hao walianza kuwapima watu vizuri zaidi, na gharama za utafiti zililipwa na kampuni inayouza maziwa hayo.

Sasa machale yenyewe. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, akiwamo Antonio Damasio, waliwapa watu mafungu manne ya karata. Mawili yalilipa vizuri lakini yakakata zaidi ya yalivyolipa. Mengine mawili yalilipa kidogo kidogo na kumwacha mtu na faida. Baada ya raundi kadhaa, wachezaji wenye afya walianza kutoka jasho dogo viganjani kila mkono ulipoelekea fungu baya, na wengine jasho hilo liliwatoka kabla hawajaweza kueleza kwa nini fungu lile ni baya. Watu walioumia sehemu ya chini ya mbele ya ubongo hawakuwa na ishara hiyo, wakaendelea kuchota hasara. Baadaye watafiti wengine walipinga sehemu ya hitimisho hilo. Walisema wachezaji walikuwa wanajua zaidi ya walivyodhaniwa. Hata hivyo kilichobaki kinatosha kwa swali lako: mwili hujifunza kutokana na uzoefu na hutoa ishara haraka kuliko maneno. Angalia pia kwamba kilichopimwa pale kilikuwa jasho la viganja. Hakuna aliyepima gesi.

Kwa hiyo machale yako hayakuwahi kukaa kwenye utumbo. Ni miaka minane ya mafaili, ziara za dukani, wadhamini waliobadili maneno na marejesho yaliyokwama mwezi wa tatu, vyote vikiwa vimehifadhiwa kichwani. Tumbo ni mahali pamojawapo ambapo ubongo hupigia kengele. Ukiusafisha utumbo hadi ung'ae, hutaongeza uzoefu wala kuupunguza.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda usilipende. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia waliokuwa wanapingana kwa miaka kuhusu thamani ya machale, waliandika pamoja wakakubaliana masharti mawili: mazingira yawe na utaratibu unaojirudia, na mtu apate majibu ya kutosha kujua lini alipatia na lini alikosea. Kazi yako inatimiza nusu tu. Uliowapitisha unaona wanavyolipa. Uliowakataa wanapotea machoni pako. Ukisikia mmoja amekimbia madeni kwingine, habari hiyo inakufikia haraka. Yule uliyemkataa akakopa kwingine na kulipa hadi shilingi ya mwisho, nani atakuja kukuambia? Hata kabla tumbo halijaharibika, machale yako yalikuwa yanasifiwa kwa ushahidi wa upande mmoja. Hiyo haimaanishi yalikuwa mabaya, bali kwamba hayakuwahi kupimwa.

Turudi kwenye mwaka huu. Ishara za mwili hazina anwani. Moyo kwenda mbio, kifua kubana, tumbo kuvutika na mikono kutetemeka vinaweza kutoka kwa mkopaji mwongo, chai ya rangi kwenye tumbo tupu, asidi inayopanda, usingizi mbovu au gesi. Ubongo haupendi kukaa na hisia isiyo na sababu, hivyo huitafutia ya karibu zaidi, na ya karibu zaidi ni mtu unayemtazama. Ukila saa mbili usiku kisha saa tisa alasiri, hayo ni masaa 19. Katikati yake ini linatoa akiba yake ya sukari na homoni kama adrenalini na kotisoli zinasaidia kazi hiyo, kafeini inaongezea. Mtu anayefika ofisini saa tano anakukuta tayari una tumbo joto ambalo yeye hajalisababisha.

Kuna jingine. Kwa watu wenye utumbo mwepesi kuhisi, na dalili zako zinaelekea huko, neva za tumbo hukuza sauti. Gesi ambayo mwingine asingeihisi, kwako ni maumivu. Kuyasikia machale katika hali hiyo ni kama kusikiliza siri mlangoni pa mashine ya kusaga: msemaji yupo, lakini utajaza mwenyewe maneno usiyoyasikia. Maumivu ya muda mrefu pia hula nafasi ya akili ile tunayoitumia kushika mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Nafasi ikipungua, mtu hukimbilia njia fupi. Siku una wasiwasi, njia fupi ni kukataa. Siku umechoka, njia fupi ni kupitisha faili liondoke mezani. Sura hizo mbili ulizozieleza zina chanzo kimoja.

Pengine umesikia ule utafiti wa mwaka 2011 wa mahakimu wa Israeli, kwamba wafungwa waliosikilizwa baada ya mahakimu kula waliachiwa zaidi. Huwa unanukuliwa kila mahali. Mwaka huohuo wakosoaji walionyesha kwamba mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu: wafungwa wasio na mawakili, ambao hushindwa zaidi, walielekea kuwekwa mwishoni kabla ya mapumziko. Usiutegemee kama uthibitisho. Huuhitaji ili kujua kwamba njaa inakufanya mkali.

Mwelekeo wa pili, wa kichwa kulivuruga tumbo, unajulikana tangu zamani. Daktari wa jeshi la Marekani, William Beaumont, alimtibu Alexis St. Martin aliyepigwa risasi mwaka 1822, tundu likabaki wazi hadi ndani ya tumbo. Kwa miaka alichungulia humo, na katika kitabu chake cha 1833 aliandika kwamba hasira ilibadilisha utando wa tumbo na kuvuruga usagaji. Leo tunajua msongo huchelewesha tumbo kumwaga chakula huku ukiharakisha utumbo mpana, ndiyo maana mtu anaweza kujaa juu na kuharisha chini asubuhi ileile ya kikao. Lakini usiruke ukasema basi yote ni mawazo. Kwa miongo mingi vidonda vya tumbo vililaumiwa kwa msongo na pilipili, hadi Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipoonyesha bakteria Helicobacter pylori. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984 utando wa tumbo lake ukavimba kwa maambukizi, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hapo ndipo kwenye kosa kubwa katika matibabu yako. Kipimo cha damu cha bakteria huyo hutafuta kingamwili. Kingamwili hubaki miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo kama kabla ya dawa za mara ya pili walitegemea tena kipimo hicho, "unaye" huenda ilikuwa kumbukumbu ya zamani, na antibiotiki za mara ya pili huenda zilikuvuruga utumbo bure. Omba kipimo cha antijeni, yaani kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, kwenye choo, au cha pumzi pale kilipo. Kabla yake acha omeprazoli na dawa za jamii yake, zinazozuia tumbo kutengeneza asidi, kwa wiki mbili, na uwe umekaa wiki nne bila antibiotiki. Ukienda huku unazimeza, kipimo kinaweza kusema huna wakati unaye. Kiungulia kikizidi katika wiki hizo mbili, vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi iliyopo tayari vinaruhusiwa. Wakikukuta naye kweli, tiba inayofaa kwa kawaida ni ya siku 14 na ya mchanganyiko tofauti na ule ulioshindwa, kisha kipimo kirudiwe angalau wiki nne baada ya kumaliza. Tena ujue mapema: kwa mtu asiye na kidonda, kumwondoa bakteria huyu humaliza maumivu ya chembe ya moyo kwa wachache tu.

Diklofenaki iache leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huondoa kinga ya utando wa tumbo na zinaweza kuchimba kidonda bila bakteria yeyote, hasa kwa mtu anayekaa na njaa hadi saa tisa. Mgongo ukiuma tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na mweleze daktari kuhusu huo mgongo.

Katika siku hiyohiyo ya maabara pima wingi wa damu, choo kwa minyoo na vimelea, sukari, na ujauzito kama kuna uwezekano wowote. Damu ndogo nisisitize. Minyoo ya safura, hedhi nzito na chai inayonywewa pamoja na chakula, ambayo huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, vyote huishusha, na mtu mwenye damu ndogo huchoka, husahau maneno na hukasirika upesi. Ukitibu hilo tu, huenda nusu ya shida yako ya kwenye kamati ikaondoka.

Hizo dawa za kusafisha utumbo nyingi huwa na sena au shubiri, mimea inayoharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, ikiwamo potasiamu, ambayo ikishuka sana husumbua misuli na mapigo ya moyo. Ukiharisha sana, hata vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe. Na baada ya wiki tatu za kuusukuma kwa nguvu, utumbo mara nyingi hugoma, unafunga kuliko mwanzo, unarudi kwa muuzaji. Hakuna uchafu uliogandamana ukutani. Seli za utando huo hujibadilisha zenyewe kila baada ya siku chache.

Chakula kifanye kazi hiyo taratibu. Kula kabla ya saa mbili asubuhi, hata kama ni kidogo: uji wa nafaka isiyokobolewa na yai, au kiazi kitamu na karanga. Chai ije baada ya saa nzima tangu ule chakula. Mlo wa mchana usipite saa saba; beba wali au ugali wa dona, maharage na mboga za majani kwenye hotpoti. Lengo la mtu mzima ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 7. Usikurupuke. Anza na vijiko vitatu vya maharage kwa siku, ongeza kidogo kila baada ya siku nne au tano. Anayeruka kutoka chipsi hadi bakuli la maharage hupata gesi ya kumkatisha tamaa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Ukiona vitunguu na maharage vinakuumiza hata kwa kiasi kidogo, hiyo ni habari muhimu kwa daktari. Maziwa freshi yaache wiki mbili uone, kisha yarudishe uone tena, kwa kuwa watu wazima wengi wa kwetu hawana kimeng'enyo cha kutosha cha kusaga sukari yake. Mtindi usio na sukari, kikombe kimoja kwa siku, huvumilika zaidi. Togwa ni nzuri pia, mradi isiwe imejazwa sukari.

Kwa choo, tumia utaratibu wa mwili wenyewe: utumbo mpana huamka baada ya kifungua kinywa. Tenga dakika kumi hapo, na kama choo ni cha kukaa, weka kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu, magoti yapande. Kwa kiungulia, chakula cha usiku kimalizike masaa matatu kabla ya kulala, lala ubavu wa kushoto, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15. Kuongeza mito hakusaidii. Kunakukunja tumbo tu.

Sauti inayokwaruza huenda ni asidi inayofika kooni usiku, na hizo hatua za kitanda ni sehemu ya tiba yake. Usikohoe kila mara kusafisha koo, maana unazidi kuliumiza; meza funda la maji. Tumbo likijaa, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hakishuki vizuri, pumzi inakuwa fupi, sentensi zinakatika, na wenzako wanasikia ukali ambao hukuukusudia. Kula kidogo masaa mawili kabla ya kamati, pita chooni, kisha keti dakika tano: vuta pumzi kwa hesabu ya nne tumbo likitoka nje, itoe kwa hesabu ya sita. Legeza mkanda au sketi inayobana. Andika hoja zako tatu kwenye karatasi ili maneno yakipotea macho yayaone. Ukihisi jibu la ukali limefika ulimini, sema, "Nipeni dakika mbili nilipitie faili." Hakuna kamati itakayokunyima.

Kuhusu mikopo: machale usiyaamini wala usiyapuuze, yahoji. Chukua daftari, na kabla mkopaji wa kwanza hajaingia andika tumbo likoje, ulikula saa ngapi, ulilala vipi. Kama kubanwa kulikuwapo saa mbili asubuhi, mkopaji wa saa nne hahusiki nako. Kama kumeanza yeye alipofungua mdomo, jiulize uliona nini hasa, ukiandike kwa sentensi moja inayoweza kuhakikiwa: risiti za jumla hazilingani na mzigo uliopo dukani, mdhamini hajui jina la biashara, alikwepa swali la deni la awali. Ukikosa sentensi hiyo, usimkatae wala usimpitishe. Panga ziara ya pili au mpe mwenzako amhoji bila kumwambia ulichohisi. Na kama sentensi inayokuja ni kabila lake, mavazi yake au namna anavyoongea, hayo si machale. Ni upendeleo, na hauhusiani na tumbo.

Mafaili makubwa yapangie saa moja au mbili baada ya kula. Kila uamuzi uandike pamoja na uhakika wako, kati ya moja na kumi, halafu baada ya miezi mitatu na sita linganisha na marejesho. Waliokataliwa ambao kamati iliwapitisha kinyume cha pendekezo lako wafuatilie kwa makini zaidi. Hao ndio kipimo pekee cha machale yako ambacho hukuwahi kuwa nacho.

Vipe chakula, kitanda na kuacha diklofenaki wiki nne hadi sita. Usingoje hata wiki moja kama choo kinakuwa cheusi chenye kunata kama lami, unatapika damu, unapungua uzito bila kutaka, una homa, unaamshwa usiku na kuharisha, macho yamekuwa ya manjano, au chakula kinakwama kikishuka. Hilo la chakula kukwama lisidharauliwe kwa sababu ya umri wako. Saratani ya umio katika maeneo ya Afrika Mashariki huwapata pia watu wenye umri mdogo kuliko kwingineko. Hapo hitaji ni kipimo cha kamera tumboni, na sababu ya kuwahi inaongezeka kama ndugu wa karibu aliwahi kuugua saratani ya tumbo au ya utumbo.

Ukiwa huna furaha na lolote kwa wiki mbili na zaidi, usingizi umekukimbia, au unafikiria kujidhuru, liseme hilo chumba cha daktari kabla hujataja gesi, na la kujidhuru lipeleke hospitali siku hiyohiyo. Sonona na wasiwasi hujificha tumboni mara nyingi. Daktari anaweza pia kukuandikia amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa kipimo kidogo cha usiku, miligramu 10 kuanzia. Usidhani amekuona mwendawazimu. Kwa kipimo hicho hutuliza neva za utumbo, na jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha kuwa inawasaidia wenye utumbo wa namna hii. Usiinunue dukani kwa kujiandikia, kwani inazidisha kukosa choo na haichanganyiki na kila dawa.

Ukienda, beba lile daftari na maboksi matupu ya zile dawa za mara mbili. Daktari akijua ni antibiotiki zipi zilishatumika, na kwa siku ngapi, hatarudia zilezile.